Maji na Moto wa Dodoma: Mambo ya Kujua kwa Wenye Watoto na Safari za Huko



Gazeti hili ni la wakulima wa karafuu, na Dodoma hapana mkarafuu hata mmoja. Kwa hiyo huenda mwenye kufungua ukurasa huu akauliza tumefikaje huko. Tumefika kwa sababu watu wetu wako huko. Wanachama wengi wana watoto wanaosoma Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007. Wengine wetu husafiri kwenda huko kwa mambo ya Bunge na Serikali, na wengine wamekwenda kwenye maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya Nzuguni. Aghalabu ya hao ni watu waliozaliwa visiwani, ambao hawajapata kuuona mto uliokaa mkavu miezi saba kisha ukabeba lori katika muda wa saa moja.

Sisi watu wa visiwani tuna desturi ya kuitazama mbingu. Mkulima aliyeanika karafuu zake juu ya majamvi huinua uso, akaona wingu limetanda, akawaita watoto waje kukusanya. Elimu hii ni nzuri, nayo imetusaidia tangu zama za wazee wetu. Lakini Dodoma yaweza kumponza mtu. Kule maji yanayoua hayatoki katika wingu lililo juu ya kichwa chako. Hutoka katika wingu usiloliona, lililokwisha kunyesha mbali, penye miinuko, saa mbili au tatu zilizopita. Na moto wa nyika ndivyo ulivyo. Huwashwa na mtu usiyemjua, mahali usipopajua, ukaletwa na upepo. Basi mwenye kukaa kule hana budi kupata khabari za mahali asipokuwapo, na azipate mapema. Hilo ndilo jambo ninalotaka kulieleza leo.

Dodoma imekaa juu ya uwanda wa katikati ya nchi, kiasi cha mita 1,100 juu ya bahari. Mvua yake ni chache, kwa kawaida milimita 550 mpaka 600 kwa mwaka, ambapo Unguja hupata zaidi ya 1,500 na Pemba huzidi hapo. Tena mvua yote hiyo hunyesha katika msimu mmoja, tangu mwisho wa Novemba au Disemba mpaka Aprili. Hawana vuli na masika mbali mbali kama sisi. Mtu akisikia hivyo husema: mahali pakavu namna hiyo, mafuriko yatatoka wapi? Hapo ndipo wageni wengi wanapokosea. Mvua ile chache hainyeshi kidogo kidogo. Hushuka kwa siku chache, kwa nguvu nyingi, nayo huikuta ardhi imeokwa na jua tangu Mei, imekuwa ngumu, na majani yake yameliwa na ng'ombe na mbuzi mpaka shinani. Maji hayapati pa kuzama. Huteleza juu ya ardhi kama yanavyoteleza juu ya sakafu ya saruji tunayoanikia karafuu, yakakimbilia makorongoni.

Korongo, kwa wasiolijua, ni njia ya maji iliyochimbika katika ardhi, mara nyingi ikiwa na mchanga mtupu chini yake. Siku za ukavu watu huchota mchanga wa kujengea humo, watoto hucheza mpira, ng'ombe hupita, na wanawake hufukua visima vifupi wapate maji ya kunywa. Mgeni huliona ni barabara nzuri ya kukatia mitaa. Lakini korongo lililo kavu saa nane mchana laweza saa tisa kuwa limejaa maji ya matope yenye magogo ndani yake, na juu ya kichwa chako jua linawaka. Zipo dalili za kuwahi. Husikika mvumo kama wa lori linalokuja. Pengine huja upepo wa baridi wenye harufu ya udongo uliorowa. Na kama palikuwa na maji kidogo yaliyo safi, hugeuka tope na kuanza kuchukua vijiti na takataka. Mwenye kuona moja katika hizo asikimbie kuifuata njia ya korongo wala asitafute daraja. Na apande ukingo ulio karibu naye, hata kama si upande anaokwenda, akae huko huko.

Ubaya wa ardhi ile si jambo la jana. Kondoa, kaskazini ya Dodoma mjini, vilima vilikuwa vimeliwa na makorongo hata Serikali ikaanzisha mwaka 1973 mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioitwa kwa ufupi HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondoshwa katika sehemu iliyoharibika. Ilikuwa amri nzito sana kwa wafugaji, na sidhani kuwa ingepokewa kwa urahisi leo. Lakini majani na miti ilirudi katika vilima vile, na ardhi iliyofunikwa na majani huyapunguza maji mbio zake.

Sasa natutazame maji hayo yanakokwenda, maana huenda wengi hawajui kuwa hufika mlangoni petu. Mto Kinyasungwe huanzia katika nchi ya Dodoma, hupita Gulwe wilayani Mpwapwa, ukateremka katika bonde na kuitwa Mkondoa, ukapita mji wa Kilosa, kisha ukaungana na Wami. Na Wami humwaga maji yake baharini kusini ya Saadani, mkabala na Unguja. Reli ya Kati waliyoijenga Wajerumani ilifuata bonde hilo hilo baina ya Kilosa na Gulwe, na tangu hapo reli na mto zimekuwa na ugomvi usiokwisha.

Mwisho wa Disemba 2009 na mwanzo wa Januari 2010 mto ulishinda. Ulivunja tuta lililoukinga mji wa Kilosa, watu zaidi ya elfu ishirini wakapatikana na balaa hilo, wengi wao wakakaa katika mahema, na reli ikachukuliwa mahali pengi hata treni zikasimama kwa miezi. Linalonitia fikira katika khabari hiyo ni kuwa sehemu kubwa ya maji yale ilinyesha juu, upande wa Mpwapwa na Kongwa. Maji yalisafiri kutoka wilaya hata wilaya, mkoa hata mkoa. Simu ingaliweza kuyatangulia. Mtu mmoja wa Gulwe akiona mto umepanda, akampigia mwenzake wa Kilosa, mji mzima hupata nafasi ya kuwatoa watoto na wagonjwa kabla maji hayajafika.

Hata pasipokuwa na mto mkubwa khatari huweza kutoka juu. Jumapili tarehe 3 Disemba 2023, katika Mkoa wa Manyara unaopakana na Dodoma, sehemu ya mlima Hanang ilimeguka kwa mvua, na matope na mawe na miti yakashuka juu ya mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani. Walikufa watu zaidi ya 80. Mwaka uliofuata mvua za El Niño ziliendelea, na tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge, huko huko Dodoma, kuwa watu 155 wamekwisha kufa nchini kwa sababu ya mvua hizo na mafuriko yake. Nazitaja hesabu hizi ili tusidhani kuwa ni mambo ya nadra yatokeayo mara moja katika maisha ya mtu.

Basi khabari za mapema hupatikana wapi? Mwenye kazi hiyo kwa sheria ni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo wengi huijua kwa herufi tatu, TMA. Kwa nchi ya katikati hutoa utabiri wa msimu mzima wa Novemba mpaka Aprili, na juu ya huo hutoa utabiri wa kila siku, na taarifa za hali mbaya ya hewa kwa siku tano zinazokuja. Radio huzisoma, na wenye simu huzipata katika simu. Lakini kusikia ni jambo moja na kufahamu ni jambo jingine, kwa hiyo nitaeleza maneno yao kidogo.

TMA wana daraja tatu za kuonya. Ya kwanza ni angalizo, na rangi yake ni njano. Maana yake ni uwe macho, ufuatilie khabari. Ya pili ni tahadhari, rangi ya chungwa. Maana yake ujitayarishe kwa vitendo. Ya tatu ni tahadhari kubwa, rangi nyekundu, na hapo si wakati wa kujitayarisha tena bali ni wakati wa kuwa umekwisha ondoka penye khatari. Chini ya onyo huandikwa mambo mawili ambayo watu huyaruka wasiyasome: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Moja lasema jambo hilo lina nguvu gani ya kutokea. La pili lasema likitokea litaumiza kiasi gani. Jambo laweza kuwa na uwezekano mdogo na athari kubwa. Mwenye busara hulishughulikia hilo kama anavyoshughulikia mwizi wa karafuu: huenda usiku huu asije, lakini ghala hufungwa.

Neno jingine linalowapoteza watu ni wastani. Wakisema mvua za msimu Dodoma zitakuwa chini ya wastani, mtu huona amesalimika. Si hivyo. Wastani ni hesabu ya msimu wote ukijumlishwa. Msimu waweza kuwa na mvua chache kabisa, na katika uchache huo zikawamo siku mbili zilizojaza makorongo yote ya mji. Mwenye kulima mtama ana haja ya kujua jumla. Mwenye kuvuka korongo ana haja ya kujua leo.

Kisha zipo khabari za kupitishana katika simu. Hizi nazo zina faida, na pengine hutangulia za Serikali, lakini zimechanganyika na uzushi mwingi. Picha ya daraja lililovunjika nchi nyingine miaka mitano iliyopita huletwa leo ikaambiwa ni Dodoma, na mama aliyeko Wete asilale usiku kucha. Tuliosoma chuoni twajua kuwa katika Suratul Hujurat tumeamrishwa kuipeleleza khabari kabla ya kuitendea kazi, nasi leo tunaipeleka kwa watu hamsini kabla hatujaisoma mpaka mwisho. Khabari ya khatari iulizwe mambo manne: nani kaisema, lini, juu ya mahali gani, na mpaka lini. Ikikosa tarehe na mahali, usiitume. Mpigie kwanza mtu aliyeko huko.

Na mtoto aliyeko huko naye afundishwe kuuliza kwa wenyeji. Akihamia chumba cha kupanga, asitazame kodi tu na umbali wa chuo. Amwulize jirani mwenye umri, maji yalifika wapi mwaka wa mvua nyingi. Alama hubaki ukutani. Nyumba iliyo rahisi kupita zote katika mtaa, mara nyingi pana sababu ya urahisi wake, na sababu hiyo huonekana Januari.

Katika safari, khatari kubwa ni kuvuka. Maji yaendayo mbio yakifika kiasi cha sentimita 15 tu, chini ya nusu ya muundi, huweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika 30 gari ndogo huanza kuelea, na yakifika 60 huchukua gari nyingi, hata zile kubwa ambazo wenyewe huzisifu. Tena chini ya maji hayo hujui kama barabara ipo au imekwisha liwa. Tarehe 12 Aprili 2024 huko Arusha gari ya skuli ilichukuliwa na maji ya korongo ikiwa na watoto ndani yake, na watoto kadhaa wakafa. Kwa hiyo nawaomba wanachama wetu wasione haya kumwambia dereva wa basi asimame. Yeye ana haraka ya kufika stendi. Wewe una haraka ya kuwaona wanao. Wala gari ya mbele ikipita salama isiwe hoja. Wazee walisema usisafirie nyota ya mwenzio, na maji yaliyompisha yeye huenda yamezidi shibiri moja ulipofika wewe. Maji ya makorongo huja ghafula, na aghalabu hupungua baada ya saa chache. Kungoja ni rahisi.

Ama moto, wakati wake ni mwingine. Mvua zikishakwisha, majani marefu hukauka kuanzia Mei na Juni, na kufika Agosti mpaka Oktoba nyika yote imekuwa kuni. Nane Nane huangukia katikati ya siku hizo, na mwenye kwenda huko aweza kuona moshi pande zote mbili za njia. Moto huo hauji wenyewe. Huwashwa na mwenye kusafisha shamba, mrina asali aliyeacha kijinga chini ya mzinga, mchoma makaa, mwindaji, na mfugaji atakaye majani mabichi yachipue. Sheria ya Misitu ya 2002 ya Tanzania Bara yakataza kuchoma ovyo bila ya ruhusa, lakini nyika ni kubwa na macho ya sheria ni machache. Siku hizi setilaiti huona sehemu zenye moto na kuzionyesha katika ramani, nayo ni kazi ya ajabu. Walakini setilaiti haipigi mbiu kijijini. Khabari ya moto hufika kwa mtu kumwambia mtu.

Mwenye kukutwa na moto wa majani asishindane nao mbio kuelekea unakokwenda, na asikimbilie kilimani, maana moto hupanda mlima upesi kuliko mtu. Na aende kwa ubavu, atoke katika njia ya upepo, atafute mahali pasipo majani: barabara, shamba lililolimwa, mchanga wa korongo, au mahali palipokwisha kuungua. Hapo palipoungua, watu hupaogopa kwa weusi wake, lakini aghalabu ndipo penye salama, kwa kuwa moto haupati tena cha kula. Mwenye gari asiingie katika moshi usioona mbele yake. Awashe taa, afunge vioo, arudi nyuma au angoje. Nambari ya simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji Bara ni 114, na ya Polisi ni 112. Mtoto azijue kwa moyo, kwa kuwa simu huzima na karatasi hupotea.

Hapa nataka kurudi nyumbani, maana moto haukubaki Bara. Kila kiangazi kuna shamba la karafuu linaloguswa na moto wa jirani aliyekuwa akichoma majani yake. Mkarafuu haustahamili moto. Mizizi yake ya kulishia iko karibu na uso wa ardhi, na ule mchanga hukauka hata kwa joto la takataka zinazoungua chini yake, bila ya ndimi kuugusa. Mche uliopandwa huchukua miaka sita mpaka minane ndipo uanze kuzaa, basi aliyewasha kibiriti kwa dakika moja amemla mwenzake miaka hiyo yote. Mwenye kutaka kuchoma na awaambie majirani zake siku iliyotangulia, afyeke njia pana kuzunguka pale anapochoma, achome asubuhi kabla upepo haujaamka, na asiondoke mpaka majivu yawe baridi mkononi. Na kabla ya yote amwarifu Sheha.

Wazee wetu walikwisha onja khasara ya kutopata khabari. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Ndiyo sababu moja iliyoifanya Pemba kuwa ndiyo nchi ya karafuu mpaka leo. Waya wa simu wa kwanza ulifika Unguja mwaka 1879, miaka saba baadaye. Hapakuwa na mtu wa kuwaambia. Linganisheni na Mei 2024, kilipokuja kimbunga Hidaya. TMA walitaja jina lake, kilipo na kinakoelekea, siku kabla hakijafika, boti zikasimama bandarini, na kilipokaribia Mafia tarehe 4 Mei kikapoteza nguvu. Baadhi ya watu walinung'unika kuwa wametiwa khofu ya bure. Mimi naona khofu ile ilikuwa rahisi sana kuliko maiti.

Tangu mwaka 2015 tunayo sheria yetu ya kukabiliana na maafa Zanzibar, na Kamisheni yake. Bara nao wana kamati za maafa kutoka mkoa mpaka kijiji, chini ya sheria ya 2022. Mtoto wa mwanachama anayekaa Dodoma na amjue mwenyekiti wa mtaa wake kwa sura na kwa nambari ya simu, kama tunavyomjua Sheha hapa.

Ofisi ya chama imefungua daftari la watoto na jamaa wa wanachama walioko Dodoma, Singida na Manyara. Kila mwanachama alete jina, mtaa anaokaa, nambari yake ya simu, na nambari ya jirani mmoja au mwenye nyumba, ili ikitoka tahadhari ya mvua ofisi iwapigie wote siku hiyo hiyo, na wazazi wapate khabari kutoka mahali pamoja. Walioko Pemba wanaweza kuyapeleka majina kwa makatibu wa matawi yao. Daftari litakuwa wazi kila siku ya kazi, saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, na tungependa liwe limekamilika kabla ya kuingia Novemba.

Katibu